Kisanduku, ruta au seva? Hesabu ya mwenye duka kabla ya kuagiza mzigo

MFANYABIASHARA wa vifaa vya elektroniki katika mitaa ya Aggrey, Msimbazi na Uhuru, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, analifahamu ombi hili: mteja ana sinema, kaswida, nyimbo za kwaya na picha za harusi katika kompyuta au diski moja, naye anataka zionekane katika televisheni ya sebuleni, ya chumbani na katika simu za watoto, bila ya kuhamisha flashi kutoka chumba hadi chumba. Jibu jepesi dukani ni kumfungia kisanduku cha Android na kumkaribisha tena. Wiki inayofuata mteja yule yule yuko mbele ya kaunta, kisanduku kikiwa ndani ya boksi lake, anadai fedha zake.

Hesabu ya marejesho hayo haihitaji kalamu ndefu. Tuseme duka limenunua kisanduku kwa Sh. 60,000 na kukiuza kwa Sh. 70,000. Likirudisha fedha na kubaki na kifaa kisichouzika tena, limepoteza Sh. 60,000, yaani faida ya visanduku sita. Katoni ya visanduku 20 vikirudi vitatu tu, vile 17 vilivyobaki kwa wateja vimeleta faida ya Sh. 170,000 na vile vitatu vimeleta hasara ya Sh. 180,000. Katoni nzima imeuzwa kwa hasara ya Sh. 10,000, kabla ya pango la duka, mshahara wa kijana wa kaunta na kodi.

Kinachokera ni kwamba mara nyingi kisanduku chenyewe hakina ubovu. Kimepelekwa kufanya kazi isiyo yake, katika nyumba isiyokifaa.

Kutiririsha picha ndani ya nyumba maana yake ni kifaa kimoja, kiwe kompyuta, diski au seva, kutoa faili kidogo kidogo kupitia mtandao wa nyumba, na kifaa kingine kuipokea na kuionyesha papo hapo bila kuihifadhi. Wateja wengi huogopa kwamba jambo hilo litakula bando. Haliwi hivyo. Faili inayotoka katika kompyuta ya chumbani kwenda televisheni ya sebuleni huishia kwenye ruta ya nyumbani. Haifiki kwa kampuni ya simu wala haihesabiwi. Kwa kulinganisha, Netflix yenyewe inasema kwamba saa moja ya picha za ubora wa juu wa kawaida huweza kula hadi gigabaiti 3. Muuzaji anayeweza kumweleza mteja tofauti hiyo kwa sentensi mbili amekwisha kuuza nusu ya mzigo wake.

Faida ya mtandao wa ndani ilionekana wazi Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania kudorora kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na sinema zake ndani ya nyumba na njia ya kuzifikisha kwenye televisheni bila kupitia nje aliendelea kutazama. Aliyekuwa na kifaa kinachohitaji intaneti hata ili kiwake, alikaa na kioo cheusi.

Fikra yenyewe si ngeni. Programu ya VLC, ambayo karibu kila fundi wa kompyuta wa Kariakoo huiweka katika mashine ya mteja, ilizaliwa katika mradi ulioanza mwaka 1996 kwenye chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, ambako wanafunzi walitaka matangazo ya setilaiti yapokelewe mahali pamoja na kusambazwa vyumbani kwa mtandao wa kompyuta, badala ya kila chumba kuwa na dishi na king'amuzi chake. Familia ya Upanga yenye televisheni tatu ina shida hiyo hiyo.

Njia za kawaida

Njia ya kwanza, na ambayo wauzaji huidharau kwa kuwa haiwapi kitu, ni flashi au diski ya nje iliyochomekwa moja kwa moja nyuma ya televisheni. Haina mtandao, haina mipangilio, haikatiki. Kwa mwenye televisheni moja hakuna sababu ya kununua kingine. Kasoro yake inayojulikana ni mpangilio wa diski: flashi nyingi huja zikiwa katika mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja iliyofika gigabaiti 4. Mteja anayedai flashi yake "imejaa" wakati ina nafasi tele, kwa kawaida amegonga ukuta huo. Kubadili mpangilio kuwa exFAT au NTFS huondoa tatizo, ilimradi televisheni iwe inausoma.

Njia ya pili ni kompyuta yenyewe kutoa faili kwa utaratibu wa DLNA, ulioanzishwa mwaka 2003 na kampuni zikiwamo Sony na Intel. Chama chenyewe kilivunjwa mwaka 2017, lakini utaratibu wake umebaki katika televisheni nyingi. Haudai senti moja, na televisheni huona orodha ya faili bila kisanduku chochote. Hata hivyo, televisheni huchagua. Faili iliyobanwa kwa mtindo wa H.265, uliopitishwa mwaka 2013, haitachezwa na televisheni nyingi za kabla ya hapo. Hali kadhalika Samsung iliacha kutumia sauti ya mtindo wa DTS katika televisheni zake kuanzia matoleo ya mwaka 2018, hivyo picha hutokea na sauti haitoki. Mteja hulaumu spika, fundi hulaumu waya, na wote wawili wamekosea.

Njia ya tatu ni kuchomeka diski katika tundu la USB la ruta. Kwa nyumba ya kawaida hii ndiyo yenye thamani kubwa kuliko bei yake, kwa sababu ruta huwaka muda wote na hakuna kompyuta inayohitaji kuachwa wazi. Muuzaji atazame mambo mawili kabla ya kuisifia. Si kila tundu la USB kwenye ruta ni la diski. Katika baadhi ya ruta lipo kwa kazi nyingine. Pili, ruta nyingi za zamani hutumia toleo la kwanza la utaratibu wa SMB wa kugawana mafaili, ambalo Microsoft iliacha kuliweka kwa kawaida katika Windows 10 tangu toleo la Oktoba 2017 kwa sababu za usalama. Kompyuta mpya haitaiona diski hiyo, na duka litalaumiwa.

Njia ya nne ni kisanduku chenye programu ya Kodi au VLC kinachosoma mafaili yaliyoko katika kompyuta au ruta. Kodi ilianza kama programu ya mashine za michezo za Xbox na kupewa jina la sasa mwaka 2014. Njia hii hutatua tatizo la televisheni inayochagua, kwa kuwa kisanduku chenyewe ndicho kinachosoma mtindo wa faili. Hatari zake ziko katika kisanduku, si katika Kodi, na zitaelezwa hapa chini.

Chromecast, iliyotoka mwaka 2013, iliwavutia wengi kwa udogo wake. Google ilitangaza Agosti 2024 kwamba imeacha kuitengeneza. Machi 2025 vifaa vya toleo la pili viligoma duniani kote kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikwisha muda, hadi Google ilipotoa marekebisho siku chache baadaye. Kifaa hicho pia huchukua programu yake ya kuonyeshea kutoka kwenye intaneti kila kinapoanza, hata kama sinema iko chumba cha pili. Mwenye akiba ya vifaa hivyo aiuze mapema, na anayefikiria kununua shehena iliyopunguzwa bei Dubai au Guangzhou aelewe anachokinunua.

Mwisho ni seva kamili, yaani kompyuta yenye programu kama Plex au Jellyfin, inayopanga sinema kwa majalada, kukumbuka mtazamaji aliishia wapi, na kuigeuza faili papo kwa papo iwapo televisheni haiielewi. Plex huendesha akaunti zake kupitia intaneti. Aprili 29, 2025 ilipandisha ada yake ya mwezi kutoka dola 4.99 hadi dola 6.99, na ya maisha kutoka dola 119.99 hadi dola 249.99, siku hiyo hiyo kutazama mafaili yako ukiwa mbali na nyumbani kukawa kwa malipo, ingawa ndani ya nyumba kumebaki bure. Jellyfin, iliyochipuka kutoka programu ya Emby Desemba 2018, haina ada wala akaunti ya nje. Kwa soko la Dar es Salaam, ambako malipo ya dola kwa kadi si desturi ya kila mteja, Jellyfin ndiyo ya kumwekea mtu anayetaka seva. Itachukua muda zaidi kuipanga. Muda huo fundi autoze.

Umeme na ukuta

Seva ina gharama ambayo haiandikwi katika stakabadhi ya duka. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 80, ikiachwa saa 24, hula uniti 1.92 kwa siku, au uniti 57.6 kwa siku 30. Kwa viwango vilivyotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alitozwa Sh. 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh. 350 kwa kila uniti iliyozidi. Maana yake seva peke yake humeza zaidi ya robo tatu ya uniti za bei nafuu kabla jokofu halijawashwa, na zile uniti 57.6 zikihesabiwa kwa Sh. 350 ni Sh. 20,160 kwa mwezi. Kikompyuta kidogo cha aina ya Raspberry Pi pamoja na diski yake, kikitumia wati 8, hula uniti 5.76 kwa mwezi, ambazo kwa kiwango hicho hicho ni Sh. 2,016. Mteja anayeambiwa kwamba kompyuta yake ya zamani inaweza kuwa "seva ya bure" anastahili kuonyeshwa namba hizo kwanza. Kikompyuta kidogo, hata hivyo, hakina nguvu ya kugeuza faili nzito papo kwa papo. Kinafaa pale ambapo televisheni au kisanduku kinaweza kusoma faili kama ilivyo.

Kukatika kwa umeme ni jambo la pili. Diski inayozimika ghafla wakati inaandika huweza kuharibu orodha yake ya mafaili. Betri ndogo ya akiba inayobeba ruta na diski kwa dakika chache, za kutosha kuvizima kwa utaratibu, ni bidhaa ambayo duka linalouza seva lingepaswa kuiweka juu ya kaunta hiyo hiyo.

Lakini chanzo kikubwa cha picha kukwama si umeme wala kisanduku. Ni hewa. Majengo marefu ya Kariakoo, yenye maduka chini, stoo katikati na makazi juu, na zile fleti za zamani za Kisutu, Mtaa wa Jamhuri na Upanga, yana kuta za zege au tofali nene. Katika masafa ya 2.4 GHz kuna njia tatu tu zisizoingiliana, yaani namba 1, 6 na 11, na katika jengo lenye ruta kila mlango njia hizo zimejaa kama daladala za jioni. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi na kasi zaidi, ila hudhoofika haraka yanapopita ukutani.

Watu husoma "300 Mbps" kwenye boksi la ruta na kudhani ndiyo kasi watakayoipata. Hiyo ni kasi ya nadharia, tena inagawanywa na vifaa vyote. Kumbe mahitaji yenyewe ni madogo kuliko wengi wanavyofikiri: sinema ya saa 2 yenye gigabaiti 2 inahitaji zaidi kidogo ya megabiti 2 kwa sekunde, yenye gigabaiti 7.2 inahitaji megabiti 8. Kinachoharibu ni kwamba kompyuta inayotoa faili na kisanduku kinachopokea vyote vimeunganishwa kwa Wi-Fi, kwa hiyo kila kipande cha picha husafiri hewani mara mbili, kwanza kwenda ruta na kisha kutoka ruta. Ukimwondoa mmoja hewani na kumfunga kwa waya, mzigo hupungua kwa nusu hapo hapo.

Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na huuzwa kwa mita. Hakuna bidhaa nyingine katika orodha hii inayotoa nafuu kubwa namna hiyo kwa fedha ndogo namna hiyo, na bado ndiyo ambayo vijana wa kaunta husahau kuitaja. Mnunuzi wa jumla aangalie tu kwamba nyuzi ni za shaba yenyewe. Kuna waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba unaofanana nao kwa macho. Ni mwepesi mkononi, hukatika ukikunjwa na kasi yake hushuka umbali ukiongezeka. Kwa fleti ambayo mwenye nyumba hakubali kutoboa ukuta, zipo adapta zinazopitisha data katika nyaya za umeme. Zinafaa ikiwa vyumba vyote viko chini ya mita moja ya LUKU, na zichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni.

Jambo jingine dogo linalorudisha mizigo: baadhi ya ruta, hasa zile za mfukoni na zile zilizowekwa mtandao wa wageni, huzuia vifaa kuonana. Simu ina intaneti, televisheni ina intanet, lakini haziwasiliani. Kabla ya kupokea kisanduku kilichorudishwa, kijana wa kaunta auulize mtandao wa mteja ni wa ruta gani.

Visanduku visivyo na mwenyewe

Hapa ndipo mfanyabiashara anaweza kupoteza zaidi ya faida. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada alitoa taarifa kwamba kisanduku cha aina ya T95 alichokinunua kwa njia ya mtandao kilikuwa na programu haribifu tangu kilipotoka kiwandani. Oktoba mwaka huo kampuni ya usalama ya Human Security ya Marekani ilieleza kwamba tatizo hilo, lililopewa jina la BADBOX, liko katika aina kadhaa za visanduku vya bei nafuu. Juni 2025 shirika la upelelezi la FBI lilitoa tahadhari kuhusu wimbi la pili, na Julai 2025 Google ilifungua kesi mjini New York dhidi ya watu wasiotajwa majina, ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeathirika.

Vifaa hivyo hutumia toleo la wazi la Android lisilothibitishwa na Google, na jina lile lile la modeli hubandikwa na viwanda mbalimbali, kwa hiyo katoni mbili zenye nembo moja zinaweza kuwa na mambo tofauti ndani. Programu hizo hubofya matangazo kwa siri na kukodisha laini ya intaneti ya mwenye nyumba kwa watu wengine. Kwa Dar es Salaam athari yake inahesabika: mteja aliyenunua kisanduku atazame sinema zake mwenyewe bila kugusa bando, anaona bando likiyeyuka usiku wakati amelala, na hawezi kujua kwa nini.

Muagizaji anaweza kujikinga kwa kiasi. Awashe sampuli moja kabla ya kulipia shehena na kutazama katika mipangilio ya Play Store kama kifaa kimethibitishwa. Akatae kisanduku kinachokuja na duka la programu lisilojulikana au kinachomtaka mteja azime ulinzi wa Google. Aidha vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa nchini huhitaji idhini ya TCRA, na bidhaa zenye nembo bandia ziko chini ya macho ya Tume ya Ushindani. Kwa kisanduku ambacho kimekwisha uzwa, fundi anaweza kukifungia intaneti kabisa kwenye ruta na kukiacha kisome diski ya ndani tu; kwa kazi ya kutiririsha mafaili ya nyumbani, hakihitaji zaidi ya hapo.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kuweka seva moja katika gesti ya vyumba 15 pale Gerezani au Kariakoo, ambako hulala wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Comoro, hesabu hubadilika. Kitaalamu seva moja yenye waya hadi kila ghorofa ni nafuu kuliko king'amuzi kila chumba. Kisheria, hapo si nyumbani tena. Kuonyesha filamu au kupiga muziki kwa wateja ni matumizi ya umma chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na yanahitaji kibali. Duka linalouza diski ambayo tayari imejazwa sinema za watu linagusa sheria hiyo hiyo, kwa hiyo bei ya kibali iulizwe COSOTA kabla ya bei ya diski kuulizwa Aggrey.